«Wala giza halikuiweza»: mbona basi nimekaa gizani miezi 14?

Mwalimu wa Kiswahili, Njombe, anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wapendwa.

Naomba mnivumilie, kwa maana swali langu ni refu, na nimelibeba siku nyingi kabla ya kuthubutu kuliandika. Mimi ni Mlutheri tangu utoto. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na hadi leo naimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu. Mama yangu alifariki miezi 14 iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tangu siku tuliyomzika sala yangu imekuwa kama maneno ya mtu anayezungumza na ukuta. Sijaacha kusali. Sijaacha kwenda ibadani. Nasimama na wenzangu tunaimba kwamba Yesu ni nuru ya ulimwengu, watu wanapaaza mikono na wengine wanalia kwa furaha, nami natoa sauti yangu pale inapotakiwa, lakini moyoni ni giza tupu, na nikirudi nyumbani najiona kama mtu aliyesema uongo mbele ya madhabahu.

Mstari unaonisumbua zaidi ya yote ni Yohana 1:5: «Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza.» Huu ulikuwa mstari wa mama. Nilipokuwa mdogo umeme haukuwa umefika kijijini kwetu, na kila mkesha wa Krismasi alitusomea sura ya kwanza ya Yohana kwa mwanga wa kibatari, kisha tukatoka naye nyumba kubwa kwenda jikoni, ng'ambo ya pili ya uwanja, kula. Wanaoijua Njombe wanaujua upepo wake. Mama alikishika kibatari mkono wa kushoto, akaukunja wa kulia mbele ya utambi kuukinga, nasi watoto tukamfuata nyuma. Nakumbuka vidole vyake vilivyoonekana vyekundu kwa kupenywa na mwanga. Mara nyingine moto ulilala kabisa hata tukadhani umezimika, kisha ukainuka tena, naye akasema bila kugeuka, «Halikuiweza.» Hadi leo silisomi neno hilo bila kusikia sauti yake, na ndiyo sababu linaniuma hivi.

Mwaka jana mhubiri mmoja mgeni, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba giza langu ni la ukoo, kwamba kuna jambo lililofanywa na mababu ambalo halijafunguliwa, na kwamba natakiwa kutoa sadaka maalumu ili lifunguliwe. Sikutoa, lakini maneno yake yameniingia kama mwiba, na usiku najikuta nawahesabu babu zangu nikitafuta mwenye hatia.

Nauliza basi, na kwanza nauliza kama mwalimu wa lugha: neno «halikuiweza» lina maana gani hasa? Biblia nyingine nilizosoma zinasema giza halikuishinda nuru, na nimewahi kusikia kwamba kuna tafsiri za lugha nyingine zinazosema giza halikuielewa. Kisha nauliza kama mtoto aliyefiwa na mama yake: ikiwa nuru ilikwisha kushinda, giza hili nililo nalo mimi ni la nani, nalo lina haki gani ya kukaa ndani ya mtu aliyebatizwa?

Mwalimu wa Biblia, Dodoma, anajibu:

Dada yangu mpendwa, pole sana kwa kuondokewa na mama. Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la lugha, si kwa kulikimbia lile la pili, bali kwa sababu naamini jibu lake limefichwa humo humo.

Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika hapo ni *katelaben*. Maana yake ya msingi ni kushika kitu kikawa mkononi mwako, kukitia nguvuni. Kutokana na maana hiyo zilizaliwa mbili: kukamata kwa nguvu na kushika kwa akili, kama sisi tunavyosema kwamba mwanafunzi amelishika somo. Tafsiri ya Kilatini ilichukua neno *comprehenderunt*, ambalo nalo hubeba maana zote mbili, na tafsiri nyingi za Ulaya zikafuata njia ya kuelewa. Wote hawakukosea, kwa sababu aya chache baadaye Yohana mwenyewe anasema kwamba ulimwengu haukumtambua. Lakini tazama jinsi kitenzi hicho hicho kinavyotumika kwingine katika Agano Jipya, na jinsi wafasiri wa Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo bila shaka ndiyo mama yako aliyokusomea, walivyokigeuza kwa Kiswahili.

Katika Marko 9:18, baba wa mtoto mwenye pepo anasema kwamba pepo yule «kila ampagaapo, humbwaga chini». Huko kupagaa ndiko kitenzi chetu. Katika Yohana 8:4 wanasema mwanamke yule «amefumaniwa». Ni kitenzi hicho hicho. Katika 1 Wathesalonike 5:4 Paulo anawaambia waamini kwamba hawamo gizani hata siku ile «iwapate kama mwivi». Nacho ni hicho. Soma sasa Yohana 1:5 ukiwa na maneno hayo yote masikioni: giza halikuipagaa nuru, halikuifumania, halikuipata. Lilikuja kama mwizi anavyokuja, likanyosha mkono, likaambulia patupu.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika Injili hiyo hiyo ya Yohana. Katika 12:35 Bwana anasema, «Enendeni maadamu mnayo nuru hiyo, giza lisije likawaweza.» Kitenzi ni kile kile, na wafasiri wetu walikuwa makini kutumia Kiswahili kile kile, kuweza, mahali pote pawili, ili msomaji asikie mwangwi. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili na unajua kwamba kumweza mtu si sawa na kuweza jambo. Watoto wakishikana mieleka, anayetazama husema, «Huyo humwezi.» Hasemi kwamba hakuna mieleka, anasema kwamba mieleka ipo, mmoja anabanwa, pengine yuko chini, lakini hawezwi. Kwangu mimi hapa Kiswahili kimetenda vizuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu «halikuishinda» inaweza kumfanya msomaji afikirie vita vilivyokwisha na adui aliyeondoka uwanjani, hali «halikuiweza» inaacha vumbi la mieleka likiwa bado hewani.

Angalia pia nyakati za vitenzi. Nuru yang'aa: ni sasa, inaendelea. Giza halikuiweza: lilijaribu likashindwa. Na nuru inang'aa wapi? Gizani. Yohana hakusema kwamba nuru ilipokuja giza liliondoka. Katika Injili hii usiku haukimbii kwa urahisi. Nikodemo anakuja usiku. Yuda anapokea tonge na kutoka, na mwandishi anaongeza sentensi fupi ambayo hunitia baridi kila niisomapo: «Nako kulikuwa ni usiku.» Hata asubuhi ya ufufuo, Mariamu Magdalene anafika kaburini «alfajiri, kungali giza bado», naye analiona jiwe limekwisha kuondolewa. Bwana alikuwa amefufuka, na nje kulikuwa bado giza. Hakuna aliyeshuhudia saa yenyewe. Ushindi mkubwa kuliko wote ulitokea mahali ambapo hakuna jicho lililoona kitu, na shahidi wa kwanza alisimama mbele ya kaburi tupu akilia, akidhani kwamba ameibiwa maiti.

Kwa hiyo swali lako la pili ningeligeuza kidogo. Kuwepo kwa giza ndani yako hakuthibitishi kwamba nuru imeshindwa, kwa kuwa mstari wenyewe unatarajia giza liwepo. Kitu ambacho kingethibitisha kushindwa ni moto kuzimika. Nawe umeandika kwa mkono wako kwamba hujaacha kusali.

Mwombezi, Mbeya, anajibu:

Shalom, dada. Nimesoma maelezo ya mwalimu hapo juu nikayafurahia, lakini naomba tusije tukaligeuza giza kuwa neno la kamusi tu. Paulo anatuambia katika Waefeso 6:12 kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, bali juu ya falme, na mamlaka, na wakuu wa giza hili. Nimelala na kuamka katika huduma ya maombezi kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe niliingia nyumba ya ibada nikiwa na hirizi iliyoshonewa ndani ya mkanda, niliyopewa na wazee nikiwa kijana. Siku nilipoikata na kuitia motoni mbele ya wazee wa kanisa, kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani usiku kwa miaka kiliondoka na hakijarudi. Hilo siwezi kulikana mbele ya mtu yeyote, hata aniletee Kiyunani cha aina gani.

Nakubali kwamba aliyekutaka utoe sadaka ili ufunguliwe amekosa, na amekosa vibaya, kwa kuwa Petro alimwambia Simoni wa Samaria kwamba karama ya Mungu haipatikani kwa mali. Lakini ushauri wangu ni kwamba ujichunguze kwa sala: kama kuna agano lolote la giza ambalo wewe mwenyewe uliingia, litubu, kama hakuna, ombewa tu na watu waaminifu, bure, ukiwa umezungukwa na ndugu zako.

Katekista mstaafu, Songea, anajibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, mimi ni Mkatoliki na wewe ni Mlutheri, lakini msiba hauna dhehebu, na mama aliyekufundisha Yohana kwa kibatari ni mama wa imani kwa yeyote atakayesoma ulichoandika.

Kwanza nimjibu ndugu yangu wa Mbeya kwa heshima. Ushuhuda wako naupokea, maana ile hirizi uliivaa wewe, na wewe ndiwe uliyeikata. Lakini huyu binti hajasema amevaa kitu. Amefiwa na mama yake. Tukimwambia ajichunguze tena na tena mpaka apate kosa, tutamrudisha kwenye kuwahesabu babu zake usiku. Jambo hili Bwana alikwisha kulijibu kwa kinywa chake. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, mtu ambaye hakupata kuona nuru hata siku moja, waliuliza swali lile lile la mhubiri: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana akasema, «Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.» Na karne nyingi kabla ya hapo Ezekieli alikuwa ameandika kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mwanangu, waache babu zako walale. Waombee kama dini yako inakuruhusu, la sivyo washukuru tu kwa uhai waliokupa, lakini usiwafanyie kesi.

Sasa nikuonyeshe aya moja ambayo nilifundisha katekesi miaka mingi bila kuiona, mpaka siku niliyoihitaji mimi mwenyewe. Ni Isaya 50:10: «Ni nani miongoni mwenu amchaye BWANA, aitiiye sauti ya mtumishi wake? Yeye aendaye gizani, wala hana nuru, na alitumainie jina la BWANA, na kumtegemea Mungu wake.» Soma polepole, kwa jicho la mwalimu. Huyu anayekwenda gizani ni nani? Si mpagani. Si mlevi. Ni mcha Mungu, anayetii, na hana nuru. Nabii hamkaripii, wala hamwambii atafute kilichomtia humo. Anamwambia ashike jina. Basi. Ninaposema ashike jina nina maana ya kitu kidogo sana: siku zile zangu mbaya, baada ya kumzika mke wangu, nilishindwa kumaliza hata Baba Yetu, nilifika «jina lako litukuzwe» nikakwama hapo, na nikaona ni afadhali nikwame hapo kuliko kwingine.

Wako waliokaa humo muda mrefu kuliko wewe na mimi. Mama Teresa wa Kolkata, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1950 na kupata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1979, alifariki mwaka 1997 watu wote wakidhani kwamba alikuwa akiishi katika mwanga usiokatika. Mwaka 2007 barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zilipochapishwa, ulimwengu ulishtuka kuona kwamba karibu miaka 50, yaani sehemu kubwa ya utume wake kwa maskini, aliisali sala yake katika giza na ukimya. Aliamka alfajiri, akapiga magoti, hakusikia kitu, akaenda kuwaosha wagonjwa. Kanisa lilizisoma barua hizo zote, na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Naye Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtawa kijana wa Lisieux huko Ufaransa, aliingia gizani siku za Pasaka ya mwaka 1896, Pasaka yenyewe, na hakutoka humo waziwazi mpaka alipofariki mwezi Septemba mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24. Sikuandikii habari hizi ili nikuambie kwamba giza ni zuri. Si zuri. Nakuandikia ili usijihukumu kuwa mnafiki unapoimba sauti ya pili. Unayoyaimba ni kweli hata siku ambayo wewe huyaoni, na wenzako katika kwaya wanaishika noti yako ili wasipotee katika yao.

Ukipata nafasi, siku moja uje usimame nasi mkesha wa Pasaka. Taa zote za kanisa huzimwa. Nje unawashwa moto mpya, na padre analetewa mshumaa mkubwa. Anauchora msalaba, na herufi Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka tulio nao, kisha anauchoma kwa punje tano za ubani kwa ajili ya majeraha matano ya Bwana. Watu husahau jambo hilo: mshumaa wa ushindi una majeraha. Kisha unaingizwa mlangoni, moto mmoja katika jengo zima lenye giza, na shemasi anaimba, «Mwanga wa Kristo», nasi tunajibu, «Tumshukuru Mungu.» Sasa hapo ndipo ninapotaka utazame. Tunapoitikia mara ya kwanza, sisi watu tungali gizani. Mishumaa yetu mikononi haijawaka. Tunamshukuru Mungu kwa mwanga ulio mikononi mwa mtu mwingine, mbali, mlangoni. Ni baadaye ndipo moto unapopita kutoka utambi hadi utambi, mtu akimwinamia jirani yake, nta ikidondoka juu ya kikaratasi na wakati mwingine juu ya kidole, na Mbiu ya Pasaka inasema kwamba moto huo haupungui kwa kugawanywa. Wapo wanaokaa mwisho kabisa wa benchi la mwisho, na kwao moto huchelewa kufika. Nimekuwa nikiwatazama watu hao miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nje kwa kusema kwamba mwanga haupo, maana wanauona unavyokuja.

Muuguzi wa zamu ya usiku, Iringa, anajibu:

Dada, nami naomba niseme machache, na niyaseme wazi. Mimi ni Mkristo kama wewe na kazi yangu ni hospitalini. Giza la kiroho lipo, huzuni ya msiba ipo, na pia lipo tatizo la afya linaloitwa sonona, ambalo huweza kuanza baada ya msiba na ambalo hutibika. Matatu haya yanaweza kumkalia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kutoka nje hufanana sana. Hukutuambia kama unalala, kama unakula, kama kazi za kawaida za darasani zimekuwa mzigo usiobebeka, au kama kuna siku unatamani usiamke. Kama ndivyo, tafadhali nenda hospitali ukaonane na daktari, na umweleze kama ulivyotueleza sisi. Na ikiwa hayo mawazo ya kutotaka kuishi yapo, usingoje wiki ijayo. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, aende nawe.

Usidhani kwamba huko ni kupungukiwa na imani. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria wala hakumuuliza habari za ukoo wake. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili akamwambia ale. Sauti ile ndogo ya utulivu ilikuja siku nyingi baadaye, mtu akiwa amekwisha kula na kulala. Mungu aliona kwamba safari ilikuwa kubwa mno kwake, akaanza na mwili.

Ninapokuwa zamu ya usiku, saa zilizo ngumu kwa wagonjwa ni kati ya saa nane na saa kumi na moja. Maumivu yale yale ya jioni huonekana makubwa maradufu. Wengi huniuliza kama kumekucha, nami huwa siwajibu kwamba kumekucha wakati hakujakucha. Navuta kiti nikakaa. Naomba upate mtu wa kukaa nawe hivyo, asiyekuharakisha.

Mwalimu wa Biblia, Dodoma, anaongeza:

Namshukuru muuguzi, angepaswa kutangulia kabla yangu. Nina neno moja tu la kuongeza kuhusu sala, kwa sababu dada amesema anajiona kama mtu anayesema uongo. Zaburi ya 88 huanza kwa kumwita BWANA «Mungu wa wokovu wangu», na neno lake la mwisho kabisa katika Union Version ni «gizani». Haina aya ya faraja mwishoni kama zaburi nyingine za maombolezo. Walioikusanya Zaburi wangeweza kuiacha, au kuiongezea sifa kidogo ili iishe vizuri, na hawakufanya hivyo. Wameiacha kama ilivyo, na kwa karne zote Wayahudi na Wakristo wameiomba kama Neno la Mungu. Mtu anayeomba maneno hayo akiwa gizani hasemi uongo wowote.

Mwalimu wa Kiswahili, Njombe, anarudi:

Nimesoma yote mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea dada yangu mkubwa kwa simu. Asanteni sana. Baba yangu wa Songea, naomba nikuite hivyo, pole nawe kwa mke wako. Sikutarajia kwamba anayenifariji amekaa mahali pale pale. Kaka yangu wa Mbeya, nimeyapokea maneno yako kwa upendo, na nimejichunguza kwa uaminifu: sina hirizi wala agano, nina msiba. Kuhusu babu zangu nimeamua kuacha kuwahesabu. Dada muuguzi, usingizi wangu si mzuri na nimekuwa nikiamka saa tisa karibu kila siku, kwa hiyo nitakwenda hospitali Jumatatu, na dada yangu ameahidi kunisindikiza.

Nimekaa na jambo moja tangu jana, na nilitaka kuliandika hapa kabla sijalipoteza. Nilipowaeleza habari za kibatari nilidhani nakumbuka mwanga. Nilipokumbuka vizuri zaidi, niligundua kwamba sisi watoto hatukuwa tukiiona njia hata kidogo. Mkono wa mama ulikuwa mbele ya moto, kwa hiyo mbele kulikuwa giza. Na mwili wake ulikuwa kati yetu na moto, kwa hiyo nyuma tulikokuwa kulikuwa giza zaidi. Kitu pekee tulichokiona ni ule wekundu wa vidole vyake alipogeuka kidogo kuukwepa upepo. Tulitembea kwa kumfuata yeye, na hatukuwahi kujikwaa, wala sikumbuki kuwahi kuogopa.

Tena, kama mwalimu, nimekwama kwenye «kungali giza bado». Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba -ngali huonyesha hali inayoendelea, kwamba mzee angali hai, kwamba mvua ingali inanyesha, na siku zote natoa mifano ya namna hiyo. Kumbe mfano ulio mkubwa kuliko yote ulikuwa Yohana 20:1, na sijawahi kuuandika ubaoni. Jioni hii dada yangu na wanawe wanakuja kwangu. Umeme tunao siku hizi, lakini nimekitafuta kibatari cha mama stoo nikakipata, utambi wake umekauka. Mtoto nimemtuma dukani akaninunulie mafuta ya taa. Tutasoma sura hiyo ya 20 tangu mwanzo, na atakayesoma ni mimi.